Nyara za Mama Stoo

Mama Stoo hakumpa mtu kitu bila saini, hata chumvi. Ukienda kwake mtaa wa Ngokolo kuomba kijiko cha chumvi cha kuungia mboga, anavuta daftari lake la kaboni, anaandika "chumvi, kijiko kimoja, haitarudi", anakugeuzia usaini, na huku nyumbani mboga yako inaungua. Nakala ya juu unaondoka nayo, ya chini inabaki kwake. Mimi nilikuwa na rundo zima la nakala za juu na nilizitumia kuwashia jiko la mkaa, jambo ambalo sikumwambia.

Alikuwa mtunza stoo katika mgodi wa almasi kule Mwadui hadi alipostaafu, na cheo kikamfuata mjini Shinyanga kikawa jina. Wanawake wengine mtaani waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye alikuwa na binti mmoja aliyeolewa mbali, lakini hakuna aliyemwita kwa jina la huyo binti. Aliitwa Mama Stoo na aliitika kwa raha. Pamoja na kiinua mgongo alirudi na kompyuta kuukuu aliyoinunua kwenye mnada wa vitu vilivyotumika. Hakuwa na haja nayo. Roho ilimuuma tu, alisema, kuona kitu kizima kinauzwa kwa bei ya jiko. Akaiweka sebuleni, akaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua, juu ya kitambaa akaweka picha ya harusi ya binti yake, na kwa miezi kadhaa kompyuta ikawa meza ndogo.

Siku alipoamua kuiwasha ndipo alipokuta meli.

Ulikuwa mchezo. Aliyeitumia kompyuta ile kabla yake aliuacha humo ndani, na Mama Stoo akaupata kama mtu anayeokota noti kwenye mfuko wa koti la mtumba. Wewe ni nahodha wa meli ya matanga ya zamani hizo, yenye mizinga ubavuni. Bahari imejaa meli za wafanyabiashara. Unaifukuza moja, mnapigana, ukishinda unachukua shehena yake, unaenda kuiuza bandarini, na mwisho wa safari mashine inakuuliza nyara zigawanywe vipi. Kuna fungu la nahodha, fungu la mabaharia na fungu la meli yenyewe. Ukijipendelea, mabaharia wananuna, na kwenye bandari inayofuata wanashuka na hawapandi tena. Ukiwapendelea wao, unakosa hela ya kushonea matanga na kununulia baruti, na meli ya kwanza yenye hasira inakupeleka chini. Katikati ya hayo mawili palikuwa na mahali pembamba pa kusimama, na Mama Stoo alitumia ustaafu wake wote kupatafuta.

Mimi wakati huo nilikuwa taipisti katika ofisi moja ya serikali pale mjini, na naomba nijisifu kidogo: hapakuwa na wa kunifikia. Mama Stoo alikuja kufuatilia karatasi za pensheni yake, akasimama mbele ya meza yangu, akanitazama ninavyopiga chapa huku nikipiga soga na mwenzangu.

"Shikamoo mama," nilimwambia bila kusimamisha vidole.

"Marahaba. Unaangalia wapi?"

"Nakuangalia wewe, mama."

"Na herufi?"

"Ziko palepale, hazihami."

Akakunja karatasi zake. "Ukitoka kazini upitie kwangu. Nina meli."

Shinyanga, jamani. Mji ambao mvua ikinyesha siku mbili mfululizo watu wanaamini kuna mtu amefanya jambo jema. Nilidhani mama wa watu kichwa kimeanza kumruka, nikaenda kwa huruma, na nikaendelea kwenda kwa karibu miaka miwili.

Tulicheza jioni baada ya kazi, na Jumamosi kutwa nzima. Mimi nilikaa kwenye vitufe. Yeye alikaa nyuma yangu kwenye kiti cha mikono, miwani imefungwa kwa uzi wa cherehani, viatu amevua, kwa sababu alisema nahodha anayevaa viatu hawezi kuisikia meli. Mshitiri wetu, yaani mtu wa kununua na kuuza bandarini, alikuwa Bhai Haridas, mwenye duka la majembe, misumari na mitarimbo barabara ya sokoni. Huyu alikuja siku ya kwanza kudai hela ya balbu akakuta tunauza sukari ya nyara kwa bei ya kutupa, na moyo wake wa biashara haukuvumilia. Tangu siku hiyo bei zote zikawa zake. Tatizo ni kwamba hakukubali kwamba mashine haipatani. Ikitaja bei, Bhai Haridas anacheka kwa dharau, anachukua kofia yake, anatembea polepole hadi mlangoni kama afanyavyo mteja anayetaka kuitwa, na anasimama pale kizingitini akisubiri kompyuta imwite.

"Haijaita?" ananiuliza bila kugeuka.

"Haijaita, Bhai."

"Subiri. Itaita."

Na mkekani alikaa Masanja, mchumba wangu, siku anazokuwa mjini. Masanja alichimba dhahabu machimbo ya Geita, akirudi kila baada ya miezi michache akiwa mwekundu wa vumbi kuanzia nywele hadi kope, na badala ya kunipeleka kutembea alikuja kutazama meli. Baba yangu, kule Samuye, alishataja mahari: ng'ombe kumi na wawili, bila kupungua hata ndama. Masanja hakuwa na hata mkia. Siku zile nilipima kila kitu kwa ng'ombe. Nikiona baiskeli nzuri nasema hii ni nusu ng'ombe. Nilimpenda yule mtu mpaka nikawa mjinga, na nilikuwa nimeshachagua kitambaa cha gauni.

Sasa fikiria vita vya baharini chini ya mtunza stoo. Meli ya adui inakuja, mizinga yake inanguruma, tanga letu la mbele limeshatoboka, na mimi nimeweka kidole kwenye kitufe cha kufyatua.

"Umesaini?" anasema Mama Stoo nyuma yangu.

"Mama, tunazama."

"Baruti haitoki bila saini."

Basi natoa mkono wa kushoto, naandika kwenye daftari, "baruti, viroba viwili, kwa kujihami", nasaini, anachana nakala ya juu ananipa, na ndipo ninaruhusiwa kufyatua. Tulipoteza meli tatu kwa sababu ya daftari lile. Mara moja kaboni iliwekwa kichwa chini, ikabidi tuandike upya, na tulipoinua macho bahari ilikuwa tupu, imebaki pipa moja linaelea. Mama Stoo hakujutia. Alisema angalau tumezama hesabu zikiwa sawa.

Bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Dira ya mchezo ilikuwa kwa Kiingereza na yeye aliona hiyo ni kazi bure, akaibadilisha. Kaskazini ikawa Mwanza, kusini Tabora, magharibi Kahama, mashariki Maswa. "Upepo unatoka Maswa," anasema, "kata Kahama, taratibu, usije ukapitiliza." Bhai Haridas naye anapaza sauti kwamba kuna meli ya hariri inaonekana upande wa Tabora. Mpita njia akisikia dirishani alidhani ni ofisi ya mabasi.

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni furaha yake ya kuiba. Mwanamke huyu katika kazi yake yote hakuchukua hata msumari. Ni mzee wa kanisa, sauti ya kwanza kwaya, na kabla ya kila shambulio aliinamisha kichwa akaomba msamaha mapema. Halafu meli ya watu ikisalimu amri, anapiga miguu sakafuni kama msichana kwenye ngoma, anacheka mpaka miwani inaanguka kifuani.

"Mayu," aliniambia siku moja kwa Kisukuma, kama mtu anayemwita bintiye mama, akijifuta machozi ya kicheko, "unajua miaka yote ile kila nikitoka kazini nilikuwa nakaguliwa getini? Wananifungua kilemba. Wananitazama hadi kwenye soli ya kiatu. Ni kazi yao, siwalaumu. Na mimi kila siku sina kitu. Kila siku. Natoka na mikono mitupu, narudi na mikono mitupu." Akaangalia kioo, mahali tulipokuwa tumeandikiwa magunia mia mbili ya kahawa ya wenyewe. "Kumbe ni tamu hivi."

Jumapili hakucheza. Meli ilipumzika bandarini, ingawa jambo hilo lilimsumbua, kwamba mabaharia wanakula siku ambayo hawafanyi kazi.

Kwenye mgawo ndipo tulipogombana vizuri. Mama Stoo alijaribu kila namna, na kila namna aliiandikia ukurasa. Alianza na nusu kwa nusu, mabaharia wakashuka. Akajaribu kuwapa wao vyote, meli ikaoza ikiwa bado bandarini. Bhai Haridas alipendekeza wapewe kidogo na waahidiwe kikubwa, na hiyo ilikwenda vizuri kwa safari mbili, kisha wakamtupa nahodha baharini. Aliyetusogeza mbele alikuwa Masanja. Kule kwao kwenye duara, alisema, yaani kwenye shimo lao la dhahabu, mwenye duara anachukua nusu yake kwa kuwa yeye ndiye anayenunua chakula na magogo ya kuzuia udongo. Nusu inayobaki wachimbaji wanagawana sawasawa, aliye chini na anayevuta kamba juu, hakuna wa kusema mimi nilipiga nyundo zaidi.

"Hata mvivu?" Mama Stoo aliuliza.

"Mvivu tunamfukuza, mama. Ila akiwa bado yupo, anakula sawa."

Tukaweka hivyo. Nusu kwa meli na nahodha, nusu kwa mabaharia, sawasawa. Tulisafiri safari saba bila mtu kununa. Mama Stoo alikwenda jikoni akarudi na sinia la karanga, na siku hiyo hakutusainisha.

Sitaki hata hivyo mdhani alikuwa malaika. Baharia akijeruhiwa vitani, mashine inauliza mkifika bandarini: tumwache hapa au tumbebe? Anayebebwa anakula na hafanyi kazi. Mama Stoo hakumbeba hata mmoja. Alichukua daftari, akaandika "baharia, mmoja, ameharibika, afutwe", akasaini mwenyewe, akaendelea. Nilipomuuliza alinijibu kwamba stoo haiweki vilivyovunjika. Bhai Haridas, mtu asiyeweza kumpiga hata mende, alikuwa anageukia ukuta wakati wa kufuta. "Bhai, hawa ni wa umeme tu," Mama Stoo alimwambia. Na ni mama huyohuyo niliyemkuta uani akimfunga kuku wa jirani mguu kwa vijiti vya kiberiti, akimsemesha Kisukuma kwa sauti ya kubembeleza mtoto.

Hayo ya majeruhi nimeyaeleza kwa sababu ndiyo yaliyoingia katika maisha yangu.

Duara la akina Masanja lilitema. Baada ya miezi ya mawe matupu walikuta mkanda wa dhahabu, si wa kutajirisha kijiji, lakini wa kumtoa kijana kwenye ukapera. Mwenye duara alichukua nusu yake akaenda zake, hana shida na mtu. Nusu ya wachimbaji, Masanja aliipigia hesabu njiani akirudi, ilikuwa ni ng'ombe thelathini na sita. Wachimbaji walikuwa wanne: yeye, mapacha wawili Kulwa na Doto, na kijana mmoja mcheshi anayeitwa Shija. Sasa wiki tatu kabla mkanda haujaonekana, jiwe lilimwangukia Shija mguuni. Walimpandisha kwenye lori la pamba akarudishwa kwao, na siku dhahabu inatoka yeye alikuwa kitandani Shinyanga akihesabu mabati ya dari.

Kulwa na Doto walisema hela igawanywe kwa watatu. Shija alisema kwa wanne. Masanja hakusema kitu. Hela wakaipeleka kwa Bhai Haridas, kwa kuwa ana sefu na hana upande, naye akaifungia akasema haitoki mpaka wote wanne wakubaliane.

Ukigawa thelathini na sita kwa watatu, kila mmoja anapata kumi na wawili. Ukigawa kwa wanne, tisa. Hesabu hiyo niliimaliza kabla Masanja hajamaliza sentensi. Shija nilimjua. Alikuwa akinichekesha mpaka mbavu zinauma, na mguu wake ulinihuzunisha kweli. Lakini huruma yangu iliishia kwa ng'ombe wa tisa, na siwezi kuieleza vizuri kuliko hivyo.

Mapacha ndio waliotaka kwenda kwa Mama Stoo. Walikuwa wamesikia anavyofuta majeruhi, wakaona hapo hapana kesi. Mimi nikaunga mkono haraka sana.

Wakaja Jumamosi asubuhi. Shija aliingia akiegemea gongo, mguu umefungwa matambara, akatabasamu akaomba radhi kwa kuchafua sakafu. Mama Stoo aliutazama mguu. Akavuta kigoda, akakiwekea mto, akamwinulia mguu juu yake kwa mikono yake mwenyewe.

"Mimi nikiamua mtasema nimependelea," alisema. "Tutauliza mashine. Safari mbili. Ya kwanza majeruhi tunawaacha bandarini, ya pili tunawabeba. Meli itakayorudi na hali nzuri, mgawo wake ndio wenu. Saini hapa."

Wakasaini wote wanne. Doto alitumia dole gumba kwa sababu kalamu ilimtisha.

Safari ya kwanza niliendesha meli kama sijawahi. Kila mzinga ulilenga. Bhai Haridas hakutembea hadi mlangoni hata mara moja. Majeruhi wanne tukawaacha bandari ya kwanza, chakula kikabaki kingi, tukarudi tumejaa hariri hadi kwenye ngazi. Kulwa alimpiga Doto begani kwa furaha. Shija aliangalia mguu wake.

Safari ya pili tuliwabeba. Na kwa bahati mbaya, nasema kwa bahati mbaya kwa sababu ndivyo nilivyoona wakati ule, mambo yalikwenda vizuri tu. Chakula kilipungua lakini hakikuisha. Mabaharia walikuwa na moyo kuliko nilivyowahi kuona. Tukakaribia visiwa fulani vyenye mwamba upande wa magharibi, tulivyovijua kama njia ya chooni.

"Kata Tabora," alisema Mama Stoo.

Nikakata Kahama.

Mwamba ukatupokea. Meli ikainama, mlingoti ukavunjika, na mashine ikapiga ule wimbo wake mdogo wa msiba. Mapacha walisimama wakashikana mikono. Niligeuka nikakutana na macho ya Masanja, nikajua amejua, nikajifanya nina kitu kwenye jicho.

Mama Stoo alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, bila haraka, kioo cha kwanza, kisha cha pili.

"Mashine imezoea mno vidole vya taipisti," alisema. "Hii ya pili tutairudia. Shija, njoo ushike wewe."

"Mama, sijawahi kugusa hiki kitu."

"Ndiyo maana."

Walimbeba na kigoda chake wakamweka kwenye kiti changu. Aliangalia vitufe, akaniuliza kwa heshima mbona herufi hazifuatani, A iko huku na B kule, nani aliyezivuruga. Akabonyeza moja kwa kidole cha shahada. Meli ikaanza kuzunguka. Haikuenda Mwanza wala Tabora, ilizunguka tu, taratibu, kama ng'ombe anayetafuta pa kulala. Adui akaja na mizinga ishirini. Akafyatua pale meli ilipopaswa kuwa, na meli haikuwepo, ilikuwa imeshazunguka. Akafyatua tena, haikuwepo tena. Bhai Haridas aliruka juu. "Kata Maswa," alipiga kelele, na Masanja akapiga kelele Kahama, na Kulwa ambaye hajui kusoma akapiga kelele Nzega, mji ambao hatukuwa nao kwenye dira. Shija alicheka mpaka akasahau mguu, na kwa kucheka akabonyeza vitufe vitatu pamoja, meli ikarudi kinyumenyume ikagonga meli ya sukari iliyokuwa inapita zake, na meli ya sukari ikasalimu amri.

Hakuna aliyesaini kitu. Daftari lilikuwa limeanguka chini ya kiti na Mama Stoo alikuwa anapiga miguu sakafuni kwa nguvu zote. Mapacha nao walisahau wako upande gani. Nilimsikia Doto kwa masikio yangu akiiomba mashine isiwamalizie majeruhi chakula.

Walifika bandarini na sukari kidogo, matanga yamechanika, lakini hakuna aliyezama na hakuna aliyeshuka. Mashine ikaandika mstari ambao hatukuwahi kuuona. Mama Stoo aliniambia niusome kwa Kiswahili.

"Majeruhi wanne wamepona. Wanarudi kazini."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Kumbe wanapona," alisema.

Karibu miaka miwili ya kuwafuta, hakuwahi kumbeba mmoja kwa muda wa kutosha kujua. Aliinama akaokota daftari, akafunua kurasa za nyuma, zile za "ameharibika, afutwe", akazipitia moja baada ya nyingine kwa kidole. Kulwa alikohoa, akasema hata kama ile ya kwanza ilirudi na hariri, basi tugawe kwa wanne, na Doto akasema hivyo ndivyo yeye alivyokuwa anasema tangu mwanzo.

Bhai Haridas alifungua sefu mchana uleule. Shija akaenda kutibiwa mguu kwa hela yake mwenyewe. Masanja akapata ng'ombe tisa, na usoni alionekana kama mtu aliyetua gunia. Mimi ndiye niliyekuwa na kinyongo. Mama Stoo alinisindikiza hadi nje.

"Jumatatu, mayu?"

"Jumatatu, mama."

Sikwenda. Jumatatu sikwenda wala Jumanne, na baadaye nikaanza kupita njia ya nyuma nikitoka kazini ili nisipite mbele ya dirisha lake. Nilijiambia nina hasira kwa sababu ya ng'ombe watatu. Hasira ile ilikuwa ya kujisingizia. Ilikuwa aibu, aibu ya ule mwamba, na sikuweza kukaa kwenye kile kiti tena na yeye nyuma yangu.

Baba naye hakunisaidia. Wazee wa Masanja walipokwenda na tisa, aliwasikiliza kwa adabu, akawapa maziwa, akasema amenisomesha kupiga chapa, na ng'ombe tisa ni wa binti asiyejua hata kuwasha redio. Walibishana siku mbili. Masanja akarudi shimoni msimu mmoja zaidi, akaleta watatu, mmoja wao kilema wa pembe ambaye baba alimpenda kuliko wote. Tukaoana, nikahamia Geita na mume wangu, na Ngokolo sikuaga.

Miaka ilipita. Muongo ulikuwa unakaribia kwisha tulipokwenda Nkome, kando ya ziwa, Masanja na mimi, kununua dagaa wa kuuza machimboni. Ilikuwa saa sita mchana, jua linapiga mchanga, wanawake wanageuza dagaa kwa fagio, na mitumbwi imeegeshwa pwani. Katikati ya shughuli zote alikaa mama mmoja mzee kwenye kiti cha mikono, mgongo ameuelekeza ziwani, anamkaripia mnunuzi kwa kupanga magunia ovyo. Sauti ile niliijua kabla ya uso.

"Shikamoo mama."

Alikaza macho. Yalikuwa yameingia ukungu. "Marahaba. Sema tena."

"Shikamoo mama."

"Taipisti," alisema.

Alikuwa amehamia kwa binti yake, aliyeolewa na mwenye mitumbwi. Nilimuuliza kwa nini ameyapa maji mgongo, yeye nahodha mzima. Alisema walimpandisha mtumbwini siku moja akatapika kutoka pwani hadi pwani, na tangu hapo hawasalimiani na ziwa. Tukacheka. Nikauliza habari za kompyuta. Ilikufa, alisema, joto lilikula kitu ndani. Lakini haikumuuma, alikuwa haichezi tena. Bhai Haridas alikuja Jumamosi chache, wakakaa wawili mbele ya kioo, hakuna anayejua vitufe, Bhai anapatana bei huku meli haijatoka hata bandarini.

Nilikuwa nimebeba lile jambo muda mrefu. Nikachuchumaa karibu naye.

"Mama, siku ile ya Shija. Ule mwamba."

"Niliuona kabla yako."

"Ulijua ni mimi?"

"Nilisema Tabora. Wewe hukuwahi kupotea Tabora."

"Sasa mbona hukusema?"

Alifukuza nzi mkononi. "Mbele ya mchumba wako? Mbele ya wale mapacha? Ungeona haya usirudi tena. Nikanyamaza ili Jumatatu uje." Akafukuza nzi mwingine. "Nilichemsha michembe ya viazi."

Miaka yote ile nilijiambia nimemkwepa mtu aliyenikatia ng'ombe watatu, kumbe nilimkwepa mtu aliyenifichia aibu yangu, na alinifichia kwa sababu moja tu, alitaka kucheza na mimi Jumatatu yake. Machozi yalinitoka palepale kwenye mchanga wa dagaa, na sikujali wanawake walionitazama.

Lori likapiga honi. Masanja alikuwa ameshapakia, ananipungia mkono niharakishe. Nikampungia aende.

"Gari halitakuacha?" Mama Stoo aliuliza.

"Linaniacha, mama," nilisema, nikavua viatu nikakaa chini karibu na miguu yake.